Maswali ya Wasomaji: Merikebu Ilitoka Wapi?

Barua za safari hii zimeelemea neno moja: merikebu. Tumezipanga ili jibu moja limsaidie msomaji wa jibu linalofuata, na tumefupisha zilizokuwa ndefu.

SWALI: Mhariri, salaam. Tulifundishwa shuleni kuwa neno "merikebu" linatokana na "Marekani", kwa sababu vyombo vikubwa vilivyokuja Unguja zamani vilikuwa vya Wamarekani wakileta kitambaa cha merikani. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kweli, ingawa tunaelewa kwa nini maelezo hayo yanavutia. Wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walikuwa na nguvu sana Unguja katika karne ya 19. Mkataba wao wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, alifungua ofisi mjini Unguja. Kitambaa chao cha pamba kiliitwa merikani au amerikani, na jina hilo kweli limetoka Amerika. Lakini merikani na merikebu hayana udugu.

Merikebu ni neno la Kiarabu, "markab", wingi wake "marakib". Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika safari ya Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco. Alifika Mogadishu mwaka 1331, na katika simulizi yake anaeleza desturi ya bandari ile: "markab" ikifika nangani, vyombo vidogo viitwavyo "sanabiq" huiendea na kuizunguka, vijana wamebeba chakula cha kuwakaribisha wafanyabiashara. Huyo anaongea kuhusu pwani yetu zaidi ya miaka 170 kabla jina la Amerika halijaandikwa kwenye ramani yoyote, kwani liliandikwa mara ya kwanza mwaka 1507.

Sauti zenyewe zinatoa ushahidi wa pili. Hakuna njia ya "n" ya merikani kugeuka "b" ya merikebu. Kutoka "markab" kwenda "merikebu", kwa upande mwingine, ni njia iliyokanyagwa na mamia ya maneno. Kwanza, Kiswahili hakikupenda konsonanti mbili kuandamana, kwa hiyo kikapachika irabu katikati: "rizq" ikawa riziki, "waqt" ikawa wakati, "fikr" ikawa fikira, na "rk" ya markab ikawa "rik". Pili, neno la Kiarabu linaloishia kwa konsonanti ya midomo, yaani b, m au f, aghalabu huongezewa "u" mwishoni: kitab ikawa kitabu, adab ikawa adabu, salam ikawa salamu, sharif ikawa sharifu. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mara nyingi hupata "i": safar ikawa safari, khabar ikawa habari. Kanuni hizi zina maneno yanayozikwepa, lakini merikebu halimo katika hayo.

Kuhusu tahajia, sanifu ni *merikebu*. Katika maandishi ya zamani utakuta *marikabu* na *marikebu*, nazo si makosa ya mwandishi. Ni matamshi yaliyokuwa karibu zaidi na Kiarabu. *Marekebu* tunayoiona siku hizi ndiyo ya kuepuka, kwani imeundwa kwa kufuata umbo la Marekani, kosa lile lile la barua yako.

SWALI: Niko Maskati mwaka wa sita sasa. Kwenye kadi ya gari langu pameandikwa "markaba". Nyumbani Pemba merikebu ni chombo cha baharini. Imekuwaje gari likaitwa merikebu? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa kuwa kadi yako inaonyesha upande wa neno ambao Kiswahili hakikuuchukua.

Kiini cha neno ni herufi tatu, r-k-b, na maana yake ni kupanda: kuwa juu ya kitu kinachokubeba. "Rakiba" ni alipanda. "Rakib" ni mpandaji, na leo pia abiria. Kiarabu kina mtindo wa kutanguliza "ma-" ili kupata jina la mahali au kitu ambamo tendo hufanyika. Kutoka "kataba", aliandika, hupatikana "maktab", mahali pa kuandikia. Kutoka "sajada", alisujudu, hupatikana "masjid", ambalo kwetu ni msikiti. Kutoka "rakiba" hupatikana "markab": kitu cha kupandwa. Ukiongeza "-a" unapata "markaba", kama vile "maktab" inavyopata ndugu yake "maktaba".

Kwa hiyo asili ya neno haina maji wala magurudumu ndani yake. Lina mpandaji na kilicho chini yake. Qurani inaonyesha jambo hili vizuri. Sura ya 43, aya ya 12, inataja vyombo vya baharini na wanyama kwa pamoja, kisha inavifunga kwa kitenzi kimoja cha mzizi huu: mnavyovipanda. Sura ya 11, aya ya 41, Nuhu anawaambia watu wake wapande safinani kwa kitenzi hicho hicho, na sura ya 16, aya ya 8, kitenzi ni kile kile kwa farasi, nyumbu na punda.

Kila jamii ilipolipokea neno, ilichagua cha kupanda. Mabaharia wa Kiarabu waliliweka "markab" juu ya chombo cha bahari, na hapo likakaa kwa karne nyingi. Katika Kiajemi "markab" ni mnyama wa kupanda, hasa farasi. Katika Kituruki "merkep" ni punda. "Markaba" ikaelekea kwenye gari la kukokotwa na farasi, na Kiarabu cha kisasa cha ofisini kimeipanua ikawa jina la jumla la chombo chochote cha barabarani. Ndiyo maana askari na ofisi za usajili huko uliko huandika "markaba" huku watu mitaani wakisema "sayyara". Chombo cha anga za juu nacho kwa Kiarabu ni "markaba" ya angani.

Kwa nini Waswahili walichukua bahari tu? Kwa sababu neno lililetwa na mabaharia, na wenyeji wa pwani hawakuwa na magari ya magurudumu ya kuyaita kwa neno hilo. Vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja vilijengwa kwa watu wa miguu, wapagazi na punda. Bara, mbung'o waliua ng'ombe na farasi ambao wangekokota gari, hivyo mizigo ilikwenda vichwani. Magurudumu yalipokuja kwa wingi katika karne ya 19, yalikuja na watu wa Bara Hindi na jina lao, "gadi" au "gari". Likaingia ngeli ya LI-YA, gari na magari, likazaa gari la ng'ombe, gari la farasi na gari la moshi. Nafasi ya "markaba" ilikuwa imeshajazwa.

Hata hivyo fikra ya mzizi ule tunayo katika lugha yetu wenyewe bila kuikopa. Twapanda mnazi, twapanda punda, twapanda meli, twapanda basi, twapanda ndege. Daladala inakaa chini kuliko sebule nyingi, lakini bado twasema tumeipanda.

SWALI: Ninasoma theolojia. Mwalimu wa Kiebrania alituambia kuwa "merkavah" ni gari la vita. Je, ndilo merikebu letu? Na kama ndilo, kwa nini Biblia ya Kiswahili haisemi merikebu ya Farao? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Ni ndugu, si neno lile lile lililosafiri. Kiebrania na Kiarabu zimetoka katika ukoo mmoja wa lugha za Kisemiti, na kila moja ilirithi r-k-b yenye maana ya kupanda. Kiebrania kikatengeneza "merkavah" na kuiweka juu ya gari la kukokotwa na farasi. Katika kitabu cha Kutoka 15:4, pale Biblia ya Union Version inaposema "Magari ya Farao na jeshi lake amewatupa baharini", Kiebrania kina wingi wa merkavah, na tafsiri ya Kiarabu ya Van Dyck inatumia "markabat". Mfasiri wa Kiswahili angeandika merikebu, msomaji wa pwani angedhani Farao alikuwa na meli. Kwa hiyo "magari" ni uamuzi sahihi kabisa.

Ukitaka kuona maana ya asili ndani ya Kiebrania chenyewe, soma Mambo ya Walawi 15:9. Neno "merkav" pale ni tandiko la mpandaji, wala si gari. Na katika Zaburi 104:3 Mungu huyafanya mawingu kuwa gari lake. Neno la Kiebrania ni la mzizi huu pia.

Ukoo huu ni wa kale sana. Katika Kiakadi, lugha ya Babuloni na Ashuru, "rakabu" ni kupanda na "narkabtu" ni gari la vita. Usishtushwe na "n" hiyo. Kiakadi kina kanuni kwamba kiambishi "ma-" hugeuka "na-" pale mzizi unapokuwa na konsonanti ya midomo, na "b" ya r-k-b ni ya midomo. Wamisri wa kale nao, walipopokea farasi na gari la vita kutoka Asia, walipokea na jina: maandishi yao yanaliandika kwa konsonanti m-r-k-b-t. Neno hilo likawa jina la chombo cha vita cha Mafarao wenyewe.

Sasa merikebu katika Biblia ya Kiswahili iko wapi? Iko Yona 1:3, "akaona merikebu inayokwenda Tarshishi; basi, akatoa nauli". Iko Zaburi 107:23. Iko kwa wingi katika Matendo 27. Kiebrania cha Yona 1:3 hakitumii r-k-b; kinatumia "oniyah". Mfasiri alitazama chombo, akachagua jina ambalo mtu wa pwani angelitumia kwa chombo kikubwa cha mbali.

Tunakushauri uisome Matendo 27 pamoja na mtu anayejua bahari, kwa maana wafasiri walikuwa makini. Chombo kikubwa ni merikebu. Kile kidogo kinachokokotwa nyuma ni mashua. Nanga nne zinatupwa za tezi, yaani upande wa nyuma. Kisha linganisha na Injili. Katika Mathayo 8:23 Yesu "akapanda chomboni", na katika Marko 4:38 analala katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo. Ziwa la Galilaya lilikuwa na vyombo vya wavuvi, kwa hiyo pale hapakufaa merikebu. Tafsiri inayotofautisha hivyo inastahili kusomwa polepole.

SWALI: Huku kwetu wazee walitofautisha merikebu na jahazi, lakini vijana wanaita vyote "boti". Tofauti hasa ni ipi? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Wazee wako wako sahihi. Tofauti ilikuwa katika matanga, milingoti na mahali chombo kilipoundwa.

Jahazi ni chombo cha kwetu cha tanga la pembe. Tanga hilo hufungwa kwenye foromali, mti mrefu wa mshazari unaopandishwa mlingotini. Jahazi kubwa huweza kuwa na mlingoti wa pili mdogo nyuma, uitwao galmi. Nyuma limekatwa bapa. Mashua ni ndogo kuliko jahazi na ina tanga la namna hiyo hiyo. Dau la Lamu limechongoka mbele na nyuma. Ngalawa ni mtumbwi uliofungwa matengo kila upande ili usipinduke, na mtumbwi ni gogo lililochongwa, basi. Mtepe, uliokuwa fahari ya visiwa vyenu, haukupigwa misumari: mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa. Mshono ule uliuwezesha kupinda kidogo ukigusa mwamba badala ya kupasuka, lakini pia ulivuja, hivyo wa kumwaga maji hawakuweza kulala.

Merikebu, kwa Waswahili wa karne ya 19, ilikuwa chombo kikubwa cha mtindo wa Kizungu, chenye milingoti kadhaa na matanga ya mraba yaliyopandana, au baadaye chenye moshi. Kitabu cha Kiswahili cha Unguja alichokitoa Edward Steere mwaka 1870 kinaonyesha jinsi watu wa bandarini walivyozihesabu. Merikebu ya milingoti mitatu ni ile yenye matanga ya mraba katika milingoti yote mitatu. Merikebu ya milingoti miwili u nusu si chombo kilichovunjika mlingoti, kama baadhi ya wasomaji wa leo wanavyodhani. Ina milingoti mitatu, lakini wa nyuma hauna matanga ya mraba, una tanga la kufuata urefu wa chombo, kwa hiyo ukahesabiwa nusu. Mtu aliyesimama ufukweni aliweza kujua aina ya chombo kingali mbali kwa kutazama tu umbo la tanga la nyuma. Mti unaochomoza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, uliitwa mlingoti wa maji, kwa kuwa umelalia juu ya maji. Na merikebu ya dohani ni ya mvuke: dohani ni bomba la moshi.

Mfano unaojulikana ni Sultana, chombo cha Sayyid Said kilichoundwa Bombay mwaka 1833 kwa mtindo wa Kizungu. Kilifika New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe wa Sayyid akiwa Ahmad bin Na'aman. Mtu wa Unguja asingekiita jahazi.

Neno jahazi lenyewe lina safari ya kupendeza. Kwa Kiarabu "jahaz" ni vifaa, zana zilizotayarishwa. Ni katika Kiajemi na lugha za Bara Hindi ambapo likawa chombo cha bahari, na leo ndege kwa Kihindi ni "jahaz" ya hewani. Nahodha naye ni Mwajemi: "nav" ni chombo na "khuda" ni bwana, yaani bwana wa chombo. Jina juu ya majina yote haya ni la Kibantu, *chombo*. Baharia wa pwani akisema chombo kimetweka, hahitaji kukutajia ni cha aina gani, na methali inasema manahodha wengi chombo huenda mrama bila kubagua jahazi na merikebu. Neno hili ndilo lililofanya kwetu kazi ambayo r-k-b imefanya kwa Waarabu: chombo cha bahari, chombo cha moto barabarani, chombo cha anga. Kwa maoni yetu halina haja ya kusaidiwa na "boti".

SWALI: Je, jina la malaika Rakibu, na rakaa za sala, na kitenzi kurekebisha, vyote vinatoka katika mzizi mmoja na merikebu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kimoja tu kati ya hivyo vitatu, na huenda si kile ulichokitarajia.

Rakibu wa "Rakibu na Atidi" anaandikwa kwa Kiarabu kwa herufi qaf: r-q-b, kuangalia, kuchunga. Ametajwa katika sura ya 50, aya ya 18, kama mwangalizi aliye tayari. Merikebu ni kwa herufi kaf. Kiswahili kimeziunganisha herufi hizo mbili katika "k" moja: kalamu, haki na wakati zilikuwa na qaf, ilhali kitabu na fikira zilikuwa na kaf. Ndiyo maana macho ya Mswahili hudanganywa. Rakaa nayo ni r-k na herufi ain, kuinama. Kiswahili hakina ain, ikapotea, zikabaki herufi mbili zinazofanana na za merikebu.

Kurekebisha ndiko kuna udugu. Mzizi r-k-b ukikazwa katikati, "rakkaba", una maana ya kupandisha kitu juu ya kingine, kukipachika, kuunganisha sehemu zikakaa mahali pake. Kamusi za zamani zina umbo *rakibisha*, kuunganisha na kuweka sawa, na *rekebisha* ni umbo lake lililolainishwa irabu, a ikawa e, kama ilivyotokea katika merikebu. Kwa hiyo fundi anayerekebisha injini na bunge linalofanya marekebisho ya sheria wote wanatumia mzizi wa merikebu. Katika Kiarabu "murakkab" ni kilichoundwa kwa sehemu nyingi, na kwa Waajemi na Waturuki neno hilo limekuwa jina la wino, kwa kuwa wino ulichanganywa kwa vitu kadhaa. Ongeza na *rikabu*, kikuku cha chuma ambamo mpanda farasi hutia mguu.

Ukitaka kupima neno jingine kwa njia hii, anza kwa kuondoa irabu zote na viambishi vya Kiswahili mpaka zibaki konsonanti. Kisha jiulize kila konsonanti ingeweza kuwa herufi zipi za Kiarabu: k ni kaf au qaf, h ni moja kati ya tatu, t, s na z zina ndugu zao wazito, na penye irabu mbili zinazoandamana, kama rakaa au saa, shuku ain iliyopotea. Tafuta kila mzizi unaowezekana katika kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi, siyo kwa alfabeti ya maneno. Mwisho, dai lako lipitishe kwenye majirani. Kama neno liko pia katika Kisomali au Kiajemi lenye maana inayokaribiana, una ushahidi. Kama umepata kufanana kwa sauti tu, bado huna kitu. Wengi huishia hatua ya kwanza, wakaona r-k-b na r-q-b ni sawa, wakaandika makala.

SWALI: Ninaandika riwaya ya Unguja ya miaka ya 1860 hadi 1900. Lini niseme merikebu, lini meli, lini stima? (Mwandishi, Nairobi)

JIBU: Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1870, andika merikebu kwa chombo chochote kikubwa cha kigeni, na merikebu ya moshi au ya dohani kwa cha mvuke. *Meli* imetoka katika neno la Kiingereza la barua za posta. Kampuni ya British India ilianza safari za kawaida za kuleta posta kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1872, na chombo kilichobeba posta kikaitwa kwa mzigo wake. Kwa hiyo mhusika wako wa mwaka 1865 akisema "meli imeingia", msomaji anayejua atasimama hapo hapo. Wa mwaka 1885 anaweza kusema hivyo, lakini kwa stima ya posta tu. Kuliita kila chombo kikubwa meli ni mazoea ya baadaye. *Stima* ni ya mvuke, na *manowari* ni ya kivita, zote mbili kutoka Kiingereza. Katika mapigano ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipopiga kasri ya Unguja, walikuja na manowari. Chombo cha Sultani kilichozamishwa pale bandarini, Glasgow, kinaweza kuitwa merikebu bila kosa.

Merikebu ni ya ngeli ya I-ZI. Andika merikebu *imetia* nanga, merikebu *zimetweka*, merikebu *hii* na *hizi*. Tumeona miswada yenye "merikebu limetia nanga" kwa kuigiza jahazi, ambalo ni la LI-YA: jahazi limetweka, majahazi yametweka. Tumeona pia "mamerikebu", nayo haipo.

Kosa la tatu ni la vitendo zaidi. Waandishi wengi huwashusha abiria kutoka merikebuni moja kwa moja hadi gatini. Unguja ya wakati huo haikuwa na gati ya maji marefu. Merikebu ilitia nanga mbali na ufuko, mashua zikaifuata, abiria akateremka ngazi ya ubavuni hadi mashuani, na maji yakiwa yamekupwa alimalizia safari mgongoni mwa mchukuzi. Weka hatua hizo tatu na bandari yako itakuwa na watu ndani yake. Na anayekwenda safari "hupanda" merikebu kwelikweli, ngazi kwa mikono miwili, mizigo ikivutwa kwa kamba.

SWALI: Jirani yangu Msomali huku Minneapolis anaita meli "markab". Amelitoa kwetu? (Msomaji, Marekani)

JIBU: Hapana, wala sisi hatukulitoa kwao. Kisomali na Kiswahili zote zimelipokea kwa Waarabu waliotumia bandari za pwani moja. Wao wamelibakiza karibu na lilivyokuwa, bila irabu za nyongeza, kwa sababu Kisomali kinavumilia neno kuishia kwa konsonanti. Ukienda Ethiopia utasikia "merkeb" kwa Kiamhari, nayo ni meli vilevile.

SWALI: Na behewa la treni, nalo ni Kiarabu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndiyo, ila ni la ukoo mwingine kabisa. Limetoka "bahw", ukumbi. Kwa Waswahili behewa lilikuwa ua wa ndani ya nyumba kubwa, uliozungukwa na kuta, kabla reli haijafika. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, watu walihitaji jina la chumba kirefu chenye kuta na viti kinachokwenda, wakalichukua la nyumbani. Wingi wake ni mabehewa. Usilitumie kwa treni nzima: treni au garimoshi ni msafara wote, kichwa ni injini, na behewa ni kipande kimoja cha abiria au mizigo.